Sauti Iliyotoka Kundini



Juma hili nimeisikiliza tena Sawa Sawa, albamu ya Eric Wainaina wa Kenya iliyotoka mwaka 2001. Vijana wetu wengi hawakuwa wamezaliwa. Kabla yake, Wainaina alijulikana kama mmoja wa Five Alive, kundi la Nairobi lililopendwa kwa kuimba kwa sauti tupu, pasipo ala. Kisha akaenda Marekani kusomea muziki katika chuo cha Berklee, Boston.

Wanakwaya wanalielewa jambo hili kuliko mimi. Ndani ya sauti nne mtu husitirika: ukikosea, besi ya jirani inakufunika, wimbo ukimchukiza mkubwa, hanyoshewi mtu mmoja kidole. Anayesimama peke yake hana pa kujificha. Naye Wainaina, katika albamu hiyo ya kwanza, aliuweka wimbo "Nchi ya Kitu Kidogo", wa kukemea hongo, ilhali Rais Moi yungali madarakani. Moi aliondoka Desemba 2002. Tena ni wimbo unaochezeka! Nadhani hata waliokemewa waliutikisia kichwa kabla ya kuyasikia maneno.

Ninalolipenda zaidi ni jina. Hongo haipendi kuitwa hongo. Hujiita kitu kidogo. Nasi Watanzania tusiwacheke jirani. Tunayo "chai", na mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliikubali "takrima", neno zuri la ukarimu, hata Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006.

Mama mmoja wa hapa Mbebe aliniuliza kama kutoa "ya soda" ili mtoto apate cheti ni dhambi sawa na kupokea. Nilimjibu kwamba mzigo mkubwa ni wa anayeomba, kwa maana yeye ameshika ufunguo na mwenzake ameshikwa na shida. Hakuridhika. "Sawa, Baba, lakini huyo mtoto nimemshika mkono, ananitazama nikifungua mkoba. Nimwambie nini tukitoka nje?" Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kumpa la haraka.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, wanakwaya wataleta spika tuusikilize wimbo huo pamoja, kisha tuzungumze. Nimemwomba mama yule aje na mtoto wake.