Dodoma kwa Baiskeli

Anayetaka kuijua Dodoma asiishie kwenye majengo ya wizara. Ashike barabara ya Singida alfajiri, apite Kizota na Nala, aelekee Bahi. Huko ndiko uwanda wa kati unakofunguka: mibuyu iliyoachiana nafasi, vilima vya majabali, mito ya mchanga mtupu, na anga lisilo na mwisho. Na njia nzima, mbele na nyuma yako, baiskeli.

Karibu zote ni za umbo moja: nyeusi, nzito, bomba la juu limelala sawa, breki za fimbo, na nyuma keria inayobeba gunia zima. Umbo hilo tulilizoea enzi za mkoloni kwa Raleigh za Nottingham, Uingereza. Baada ya Uhuru ikaja Swala, ya kiwanda cha NABICO, Dar es Salaam. Siku hizi barabarani wamejaa Phoenix wa Shanghai na wenzake kutoka India. Majina yamepita, umbo limebaki, maana limekubaliana na nchi. Uwanda huu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, tena sehemu kubwa ni tambarare. Mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, nayo hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine njia ni kavu. Gurudumu kubwa huvuka makorongo madogo bila kelele, na chuma kinene hakikatai mzigo: mtama, mkaa, madumu ya maji, zabibu za Hombolo, hata mgonjwa wa kupelekwa zahanati.

Na ikiharibika? Huko Chicago, Marekani, kampuni ya baiskeli ya Schwinn iliyoanza mwaka 1895 ilijijengea sifa kwa mawakala teule wenye karakana zao: aliyekuuzia ndiye aliyekutengenezea. Mwaka 1992 ikafilisika. Uwanda wa kati haukumngoja wakala. Fundi yupo chini ya mti, na pampu yake, karai la maji la kutafutia pancha na kopo la spoku za kuokoteza. Rimu ikipinda, huizungusha, akakaza spoku hii na kulegeza ile mpaka inyooke. Hakuulizi umeinunua wapi, na kifaa cha Mhindi hukifunga kwenye fremu ya Mchina bila wasiwasi. Ndiyo maana hapa kiwanda kinaweza kufa na baiskeli zake zikaendelea kwenda shamba.

Njoo Juni au Julai, mavuno yakiwa yamekwisha na asubuhi zina baridi ya kuhitaji sweta. Ukiteremka bondeni Bahi utakuta majaruba ya mpunga, jambo ambalo wengi hawalitarajii Ugogoni. Ila ujue upepo wa msimu huo hutoka mashariki: kwenda unakusukuma, kurudi unakukabili kifuani. Basi fanya kama wenye akili: nenda kwa baiskeli, rudi nayo kwenye buti la basi.