Mama alilima mwani ili bintiye asiuguse

Fedha za mwani ndizo zilizomfikisha chuo kikuu binti wa mkulima mmoja wa Paje, Unguja. Mpango wa mama yake ulikuwa mmoja: asome, aepukane na mgongo unaouma na macho yanayowaka kwa jua na chumvi. Likizo ndefu ilipofika, binti akasema amepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo, kuchunguza na kuhifadhi mwani. Mama alinyamaza mpaka usiku.

"Kwa hiyo nimekusomesha urudi majini?"

Kazi yenyewe inataka subira. Wakati wa bamvu, maji yakikupwa, wanafunzi huokota mwani wa porini na kuuweka kwenye maji ya bahari. Si ya bomba, maana hayo hupasua seli na rangi ikatoka. Kila mche hutandazwa juu ya karatasi nene ndani ya sinia la maji, matawi yakapangwa kwa brashi laini. Hufunikwa kitambaa chepesi, ukakandamizwa kati ya magazeti (magazeti hayajafa!) yanayobadilishwa kila siku hadi ukauke. Mwingi hujigandisha wenyewe kwa ute wake. Lebo hutaja mahali, tarehe na aliyeokota. Bila lebo, hiyo ni takataka tu.

Sampuli nyingine hutiwa formalini. Mzazi, muulize mwanao kama amepewa glavu na chumba chenye hewa, kwani mvuke wake huwasha macho na koo.

Kilimo hiki kilianza Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Kotonii, aina yenye bei nzuri, imekufa sehemu nyingi kadiri bahari inavyopata joto: matawi hugeuka meupe, yakakatika. Karatasi ya zamani huonyesha kilichokuwepo mahali fulani, hata kama leo hakipo.

Jioni moja mama alizipekua karatasi za bintiye, akasimamia moja.

"Huu ulijaa pale mbele kabla hujazaliwa, mwanangu. Sasa mpaka ufuate maji ya shingo." Na yeye, kama wakulima wengi wenzake, hajui kuogelea.

Binti akachukua kalamu.

Mama bado anataka mwanawe apate kazi ya ofisini, na husema hivyo hata mbele ya wageni. Lakini bamvu lililofuata alitangulia yeye, akiwaonyesha wanafunzi wapi pa kuinama.