JASHO LA MTU WA MBELE

Wahenga walinena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Lakini katika raga, wengine huchumia juani na wengine wakala kivulini!

Mimi husimama mstari wa mbele wa skramu, upande wa kushoto. Kazi yetu sisi wanane ni kusukumana na kuung'ang'ania mpira matopeni, na matope ya Nyeri mwezi wa Aprili mnayajua. Tukiupata, tunawapa wenye mbio. Wao wakifunga trai, hubebwa juu juu.

Baba yangu huuza viazi Karatina. Alipokuja kunitazama muhula uliopita, aliniuliza, "We kijana, umeshika mpira mara ngapi?"

"Mara mbili, Baba."

"Mara mbili tu! Na shati limeraruka hivyo?" Akasema afadhali nirudi kwa vitabu, kwani raga hailipi karo.

Sikubishana naye. Nilimsimulia habari za Andrew Amonde. Jina la Collins Injera linajulikana sana, maana mwaka wa 2016 alivunja rekodi ya dunia ya trai katika raga ya wachezaji saba. Amonde alikuwa mtu wa mbele, kazi yake kusukuma na kuupigania mpira. Hata hivyo, tarehe 17 Aprili 2016, Kenya ilipoilaza Fiji 30-7 kule Singapore na kutwaa kombe lake la kwanza katika mfululizo wa dunia, nahodha alikuwa yeye. Mwaka huohuo, kwenye Olimpiki ya Rio, Japani ilitushinda. Amonde hakukata tamaa. Mwaka wa 2021, akiwa na miaka 37, alibeba bendera yetu Tokyo pamoja na Mercy Moim wa voliboli, na Kenya ikawashinda Wajapani kwao nyumbani. Ndipo akastaafu.

Baba alinyamaza, kisha akacheka. "Kumbe ni kama wapakiaji wetu sokoni! Anayekula chipsi Nairobi hamjui aliyeinua gunia."

Akaongeza, "Basi cheza. Lakini alama zikishuka, viatu hivyo navipeleka mitumba."

Kuhusu karo, Baba alisema kweli. Ndiyo sababu nasoma saa kumi alfajiri na kusukuma skramu saa kumi jioni. Nanyi wenzangu, mkimpigia makofi mfungaji wetu, watupieni jicho wale wanane wanaoinuka matopeni. Mmoja wao ni mimi.