Mche Nilioung'oa Jangwani

Mwezi wa Desemba mwaka 2018, nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, mjomba wangu akaaye Phoenix, jimbo la Arizona huko Marekani, alitununulia mimi na mama tiketi ili tumtembelee wakati wa likizo. Habari za ndege sitazisimulia, kwani kila atokaye safari huzisimulia. Nataka kueleza habari za gari tulilolala ndani yake, na jambo nililolitenda jangwani.

Gari lenyewe mjomba alilikodi. Lilikuwa refu kama lori, na ndani yake mlikuwa na vitanda, jiko la gesi, meza, choo, tangi la maji safi na tangi jingine la maji machafu. Mama alipoliona alicheka, akasema kumbe hata binadamu aweza kusafiri kama konokono. Tulikusudia kwenda kwanza katika hifadhi ya taifa ya Joshua Tree, jimbo la California, kisha tupande kaskazini mpaka Death Valley, yaani Bonde la Mauti, ambako ardhi imeshuka mita 86 chini ya usawa wa bahari.

Lakini tangu tarehe 22 Desemba serikali ya nchi ile ilikuwa imefungwa. Mimi sikujua kuwa serikali yaweza kufungwa kama duka. Mjomba akanieleza kuwa Rais Trump alitaka dola bilioni 5.7 za kujenga ukuta mpakani mwa Mexico, naye na Bunge hawakupatana, basi ofisi nyingi zikakosa fedha. Watumishi wapatao 800,000 ama walikaa nyumbani ama walifanya kazi bila mshahara, na askari wa hifadhi walikuwa miongoni mwao. Hata hivyo mjomba alikuwa amekwisha kulipia gari, wala fedha zake zisingerudi. Tukaondoka.

Tulifika tarehe 31. Langoni hapakuwa na mtu. Kibanda cha kulipia kimefungwa, njia i wazi. Mjomba akapunguza mwendo, akaita "Hodi!" kwa mzaha, kisha akasema, "Leo hakuna askari, tumepata bahati." Maneno hayo niliyashika.

Ndani ya hifadhi nikaona miti ambayo sikupata kuiona kabla, lakini nikaijua. Shina lake ni nene, matawi yameinuka kama mikono, na mwisho wa kila tawi pana kishada cha majani makali kama visu. Inasemekana wasafiri wa dhehebu la Mormoni ndio walioupa jina la Yoshua, kwa kuwa waliona kama mtu ainuaye mikono. Mimi sikumwona Yoshua. Nilimwona babu yangu wa Korogwe, aliyekata mkonge tangu ujana wake mpaka alipohamishiwa korona, ambaye mikono yake ina makovu ya miiba. Na kweli mti ule ni wa ukoo mmoja na mkonge.

Babu alizoea kutuambia kuwa mkonge ulitoka huko huko Amerika; Mjerumani mmoja, Daktari Hindorf, aliuleta mwaka 1893, vipando 62 tu vikafika vikiwa hai. Nikawaza: kama yule aliweza kuleta 62, mimi nitashindwaje kumletea babu mmoja?

Tulipiga kambi penye mawe makubwa yaliyorundikana kama viazi sokoni. Usiku baridi ilikuwa kali hata sufuria ya maji tuliyoisahau nje ikaganda. Asubuhi, wengine wangali wamelala, nikachukua kisu na kijiko, nikachimba mche mmoja uliopata urefu wa shubiri. Mzizi wake ulikuwa mrefu kuliko nilivyotazamia, na ulipokataa kutoka nikaukata. Nikautia katika kopo la maziwa, nikauficha nyuma ya ngazi ya gari.

Tarehe 2 Januari vyoo vya kambi vilikuwa karibu kujaa, na takataka zimezagaa. Ikatangazwa kuwa kambi zote zitafungwa saa sita mchana. Tulikuwa tukifunga mizigo alipopita mwanamke mzee wa Kizungu, amevaa glavu za mpira, mkononi ana ndoo na brashi. Alikuwa mkazi wa mji wa jirani, wala hakuajiriwa na mtu. Yeye na wenzake walijitolea kusafisha vyoo vile. Akaliona kopo langu.

Hakupiga kelele. Alisema na mjomba kwa sauti ya chini, na mjomba akabadilika uso.

"Anauliza una umri gani."

"Miaka kumi."

"Anasema huenda mche huu ni rika lako. Huongezeka sentimita chache tu kwa mwaka."

Ningependa angenichapa. Alivua glavu, akaniambia nimwonyeshe shimo, akapiga magoti nami, tukaupanda tena, akaumwagia maji ya chupa yake mwenyewe. Alipoona mzizi uliokatwa alisema neno ambalo mjomba hakulitafsiri. Nilimwuliza usiku, tulipokuwa njiani kurudi Phoenix, maana safari ya Death Valley tuliiacha. Akakaa kimya kitambo, ndipo akajibu, "Alisema hautaishi."

Serikali ilifunguliwa tarehe 25 Januari, baada ya siku 35. Nasi tulikuwa tumekwisha kurudi nyumbani. Mjomba akampelekea mama habari kwa simu, kwamba katika hifadhi ile watu walikata miti ya Yoshua na kupitisha magari pasipo njia. Mama akasema, "Watu wengine hawana haya!" Mimi nikatoka nje.

Nilipokwenda Korogwe nilimwamkia babu, nikampa kofia aliyopelekewa na mjomba, nikamsimulia juu ya ndugu wa mkonge asimamaye jangwani ameinua mikono. Alifurahi sana, akaniuliza majani yake yana upana gani, na kama yana nyuzi. Kisha akasema, "Nawe mjukuu wangu hukuweza kuniletea hata mche mmoja?"

Nikamjibu, "Askari walikataza, babu."

Alifariki mwaka 2022, na hivyo ndivyo alivyojua.