Nusu Saa ya Gitaa

Hapa kwetu Nyarusange gitaa la kwaya ni moja, nasi tulitakao ni watano. Kwa hiyo Bruda ameandika zamu, nami nimepewa nusu saa, tangu saa kumi na nusu jioni mpaka saa kumi na moja, siku 4 kwa juma. Mpigaji wetu wa zamani alikwenda Bujumbura kusoma, na tangu hapo kwaya inaimba pasipo chombo. Nimeahidi kuipigia nyimbo 3 siku ya Pasaka. Tena mwaka huu ni wa mtihani wa Serikali, na baba amekwisha niambia kwamba alama zikishuka, habari ya gitaa asiisikie tena. Basi sina dakika ya kuchezea.

Nina miezi saba tu tangu nianze. Wengi wameniuliza natumiaje nusu saa hiyo, na haya ndiyo majibu yangu.

Kwanza hulinganisha nyuzi, maana gitaa lililopita mikononi mwa watu wanne haliwezi kuwa sawa. Uzi wa sita, ulio mnene kuliko zote, hutoa mi. Ukiubana kwenye chuma cha tano hutoa la, ndiyo sauti ya uzi wa tano ukiwa wazi. Huendelea vivyo hivyo hata mwisho, ila uzi wa tatu hubanwa kwenye chuma cha nne ili kuupata wa pili. Zamani kazi hii ilinila robo saa nzima, sasa dakika 5 zanitosha. Wako wanaoiona kuwa ni kupoteza wakati. Mimi naona ni zoezi la masikio.

Dakika 10 zifuatazo ndizo kazi yenyewe. Nyimbo zetu nyingi zinataka akodi tatu: soli, do na re. Kuibana akodi moja si shida. Shida ni kuhama, kwa sababu vidole hupotea njiani na waimbaji hawangoji. Basi nachukua mbili tu, tuseme soli na do, naenda na kurudi polepole huku mguu ukigonga chini, wala siongezi mwendo mpaka kila uzi uwe umelia safi. Halafu nahesabu nimehama mara ngapi kwa dakika moja, na hesabu hiyo naiandika nyuma ya daftari. Mwanzo zilikuwa 9. Juma lililopita zilikuwa 34. Mwenzangu mmoja hupiga wimbo mzima toka mwanzo hata mwisho mara saba, na pale pagumu huanguka mara saba vilevile.

Zinazobaki ni za wimbo, lakini sehemu ngumu tu, na dakika chache za mwisho napiga nitakacho. Bila hizo nadhani ningekwisha kuacha.

Nitakacho ni nini? Ni Jean-Bosco Mwenda. Alizaliwa 1930 akafa 1990, na kwao ni Bunkeya katika Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, ambao leo huitwa Likasi. Nilipomsikiliza mara ya kwanza katika simu ya mjomba nilidhani wapigaji ni wawili. Kumbe ni mtu mmoja, kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu! Gumba hushika nyuzi nene na kutembea sawasawa, cha shahada huimba juu yake. Kwa hiyo siku moja katika zile nne nalifundisha gumba peke yake, hata likiwa na uvivu.

Siku nisizo na zamu natumia kipande cha ubao nilichokichora mistari sita. Hakina sauti, lakini vidole vya kushoto havijui hayo.

Babu yangu hupiga inanga, ile ambayo nyuzi zake ni kamba moja ndefu ipitishwayo huku na huku, naye huimba kwa kunong'ona. Nilipomweleza habari ya dakika zangu alicheka sana. "Mjukuu wangu," akasema, "mimi sina saa, nina jioni." Na kweli, wimbo mmoja aweza kuukalia hata moto uzimike. Lakini babu hana mtihani wa Serikali.

Pasaka imebaki majuma sita. Nyimbo mbili zimekwisha kaa vidoleni. Ya tatu ina fa, ambayo kidole cha shahada hubana nyuzi zote sita kwenye chuma cha kwanza, na huo wa sita wanikataa bado. Bruda ameniruhusu kuipiga ile fa ndogo ya nyuzi nne. Kesho ni zamu yangu. Nitaanza na hiyo.