Siku ya mvua Kisenge

Wengi wetu tunaijua Kolwezi na Lubumbashi, lakini Kisenge tunaisikia kwa jina tu. Iko magharibi ya jimbo letu la Lualaba, upande wa kwenda Dilolo na mpaka wa Angola, katika nchi ya Walunda na Watshokwe. Mwezi wa kwanza tulikaa huko majuma matatu, maana binti yetu alikuwa amejifungua.

Siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mihogo haikauki, nguo za mtoto hazikauki, ndani ni moshi tu. Ilipopungua, jirani ambaye tulikwisha kuwa marafiki akapiga hodi: «Mama, twende tukachume uyoga. Mvua imetuletea mboga.» Tukafunga vikwembe vizuri, tukashika vikapu na mwavuli mmoja, tukaenda tukiteleza katika matope.

Njiani tuliona marundo ya mawe meusi, yanang'aa kama makaa yaliyomwagiwa maji. Ni manganezi, jiwe linalotiwa katika chuma cha pua na katika betri za tochi. Zamani lilisafirishwa kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito, kwenye bahari ya Atlantiki. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga njia hiyo. Jiwe likabaki, na kazi ikasimama.

Rafiki yetu alisema: «Baba alikuwa mfanyakazi wa mgodi. Treni ilipoacha kupita, mshahara nao uliacha kupita. Mama alishika jembe, ndiyo maana tulisoma.» Alisema hivyo bila kulalamika, huku akiturukisha dimbwi.

Porini, karibu na vichuguu, uyoga ulikuwa umechomoza. Ule wa vichuguu ni mtamu, na aina moja katika nchi yetu hupanuka kuliko sahani ya bukari. Lakini rafiki yetu aliacha mwingi chini. Kila asioujua kabisa hakuugusa, hata ukiwa mzuri namna gani.

Tunaomba kila mama ashike desturi hiyo. Watu husema uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba chumvi na kitunguu huonyesha sumu. Si kweli. Kuna sumu isiyoondoka hata ukipika sana, na tumbo huweza kuanza kuuma baada ya saa sita au hata siku nzima, wakati ini limekwisha kuanza kuharibika. Mtoto akitapika baada ya kula uyoga, mpelekeni hospitali upesi, na mchukue mabaki ya uyoga ule mwonyeshe daktari.

Jioni tulikula bukari na uyoga uliopikwa kwa karanga, na mzazi wetu alikula akashiba.

Kolwezi leo tunaishi kwa shaba na kobalti, kama Kisenge ilivyoishi kwa manganezi. Treni za Lobito zimeanza tena kubeba shaba, nasi tunafurahi. Hata hivyo, katika mkutano wa kikundi chenu ulizaneni: mgodi ukisimama mwezi mmoja, nyumba yetu itakula nini? Shamba dogo la mihogo, kuku watano, cherehani, akiba ya pamoja: kila kikundi kichague kimoja na kukianza kabla mvua hazijaisha.