Nyuki wa Tanga na gemu ambayo haijatengenezwa

Wasomaji wangu, leo nivumilieni, naongelea gemu. Ndiyo, zile zile ambazo mama zetu walisema zinaharibu macho na kumaliza hela ya nauli.

Nina rafiki yangu hapa Tanga anatengeneza gemu za simu. Mchana anarekebisha kompyuta za watu kwenye fremu yake Ngamiani, usiku anaandika programu. Majuzi kapata mteja mwenye fedha. Mteja anataka gemu ya kupiga risasi "kama zile za nje", ila shujaa avae shuka la Kimasai na nyuma yake uonekane Mlima Kilimanjaro. Rafiki yangu akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye mwandishi, nimtungie hadithi. Tukabishana mpaka muuza kahawa akaweka birika chini kutusikiliza.

"Sheikh," akaniambia, "hadithi tutaweka yetu, picha tutaweka zetu. Lakini uchezaji hauna kabila. Risasi ni risasi. Halafu mimi nina kodi ya fremu."

Hilo la kodi sina jibu lake. Hilo la kabila ndilo lililonikosesha usingizi.

Mita chache kutoka pale tulipokaa, wazee walikuwa kwenye bao. Mashimo 32, kete 64, dadu hakuna. Unaanza na kete 10 tu ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba, na 22 umezishika akiba. Ukifika nyumbani kwako unaweza kulala, au ukaivunja nyumba ukasafiri, na hapo ndipo watu wanapoanza kupigiana kelele. Lakini kanuni ninayoipenda ni hii: kete ukila haitoki mchezoni. Unaipanda upande wako. Kwenye drafti unaowala unawapanga pembeni kama maiti. Kwenye bao hakuna anayekufa. Aliyekuwa mtu wako sasa hivi yuko kwa jirani anakupiga. Mchezo ukiisha, kete zote 64 bado zipo. Ukiniuliza mimi, aliyetunga kanuni hiyo alikuwa mtu wa mji wa bandari, mahali ambapo mgeni wa leo kesho ni shemeji. Sina ushahidi, ni hisia zangu tu. Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu nzima ya udaktari, mwaka 1995, juu ya uhodari wa mabingwa wa bao, na sisi tunapita barazani tunaona wazee wanapoteza muda.

Ninachosema ni kwamba ubunifu wa gemu uko kwenye kanuni. Picha ni nguo tu. Nguo unaweza kubadilisha, na tumebadilisha sana. Wesley Kirinya wa Kenya alitoa Adventures of Nyangi mwaka 2007, gemu ya 3D yenye binti wa Kiafrika anayetafuta vitu vya kale, na wengi walimlinganisha na Lara Croft papo hapo. Simbezi hata kidogo. Kuanza bila mwalimu ni kazi ya wendawazimu, na mwaka 2009 akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts. Ila ule ulinganisho wenyewe unasema kitu. (Nasi wa vibanda vya PlayStation tusicheke: tumekua tukiichezea Arsenal kwenye FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, na Coastal Union, mabingwa wa mwaka 1988, hatujawahi kuwaona humo.)

Aliyenifungua macho ni Lual Mayen. Familia yake ilikimbia vita Sudan, akakulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu kupata dola 300 za kumnunulia laptop, na kijana akawa anatembea masaa matatu kwenda kuichaji. Alianza kwa kucheza Grand Theft Auto, akajiuliza kwa nini kila kitu ni kuua. Gemu yake inaitwa Salaam. Unakimbia vita, unahitaji maji, chakula na dawa. Akapanga kwamba mchezaji anayetumia fedha halisi kumnunulia mkimbizi wa kwenye gemu awe anamsaidia mkimbizi wa kweli. Mwaka 2018 alituzwa kwenye The Game Awards. Pale mkimbizi hajavalishwa tu nguo. Ukimbizi wenyewe ndio kanuni: ukiishiwa maji, umekwisha.

Basi nikamrudia rafiki yangu na wazo langu. Novemba 1914 Waingereza walileta hapa Tanga askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, kupambana na kikosi cha Wajerumani cha watu kama 1,000, askari wake wengi wakiwa Waafrika. Risasi zikatibua mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini. Waingereza walishindwa vibaya, na uvumi ukaenea kuwa Wajerumani waliwategea nyuki. Uongo. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliandika baadaye kwamba nyuki waliwavuruga hata watu wake wa bunduki za rashasha.

Sasa fikiria gemu ya vita ambamo nyuki hawana upande. Kila risasi unayopiga inawakaribisha. Ukipiga sana unashinda kidogo halafu unaumwa wewe. Mchezaji hodari ni yule anayefika ng'ambo ya mji akiwa karibu hajafyatua chochote.

Akanyamaza. Akachora miti miwili nyuma ya risiti. Kisha akauliza: "Mchezaji ni nani? Askari wa Mjerumani au wa Mwingereza?"

Nikamwambia ni mwenye mizinga. Mtu wa Tanga ambaye vita vimemkuta shambani, naye anataka asali yake.

Akacheka, akasema mwenye mizinga hauzi. Malipo ya awali ya mteja yameshaingia na mwezi ujao anaanza kuchora lile shuka. Risiti aliikunja akaiweka mfukoni.